Mugeni na Kundi la Wazazi Wasiolala

Mugeni alikuwa na mkasi mkononi na pazia la mita sita mezani siku simu ilipomwarifu kwamba sasa yeye ndiye admini. Hakuomba, wala hakuulizwa. Kankindi, mwalimu aliyelianzisha kundi letu la WhatsApp, alikuwa amehamishiwa mji wa Huye. Mwanawe alishatimiza miaka mitatu na alikuwa analala kama gogo, kwa hiyo Kankindi aliona shughuli yake na sisi imekwisha. Akambonyeza Mugeni kuwa admini, akaandika "Mungu akutangulie," akatoka.

Kundi liliitwa Wazazi Wasiolala. Tulikuwa watu mia mbili na kumi na wanne, wengi wa mtaa wetu wa Kagugu, na wachache wa Kagarama, upande wa pili wa jiji, ambao walizisikia sifa zetu wakaomba kuingia. Tuliandikiana Kiswahili kwa sababu hatukuwa na namna nyingine: huyu amekulia Uganda, huyu Bukavu, huyu Bujumbura, na Mugeni mwenyewe amekulia Karagwe, Tanzania, akaja Rwanda na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili. Kiswahili cha kila mtu kilikuwa na viraka vyake, lakini mtu akiandika "mtoto iko analia toka asubuhi" wote walielewa, na nusu yao walilia naye. Akina baba tulikuwa watatu tu. Mimi Gratien ni mmoja wao. Nilikuwemo tangu mwanzo, na yale ambayo sikuyaona kwa macho Mugeni amenisimulia mwenyewe.

Ni mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mteja aliye ng'ambo ya barabara na mteja akageuka. Ana kibanda cha kushonea karibu na barabara ya lami, na anashona mapazia na mashuka. Wakati ule kilichompa jina hasa kilikuwa mapambo ya vitanda vya watoto wachanga: mito midogo yenye umbo la moyo, na kingo laini za kuzungushia kitanda, zimefungwa utepe kila pembe. Mabibi wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, walituma madereva kuja kuzichukua.

Jioni ile aliingia nyumbani kwake akipiga makofi. Mumewe Kabera, fundi umeme, alikuwa amempakata binti yao wa mwisho, Keza, wa miezi kumi.

"Kabera," Mugeni akatangaza mlangoni, "kuanzia leo unaishi na kiongozi."

"Vizuri, kiongozi," Kabera akasema. "Mtoto amejisaidia."

Uongozi wenyewe ulianza kwa fujo. Katika saa ya kwanza alifuta tangazo la mtu aliyekuwa anauza vitenge, akafuta na salamu zake mwenyewe, kisha, kwa kidole kilicholowa mafuta ya andazi, akamfukuza kundini Uwizeye. Sasa Uwizeye ndiye alikuwa nesi wetu pekee. Mugeni akampigia simu huku akicheka mpaka maneno hayatoki. "Dada Uwizeye, nisamehe, si mimi. Ni andazi!"

Tulimpenda siku hiyohiyo.

Lakini kulisimamia kundi la wazazi si kufuta matangazo tu. Mambo mengine yalipita salama: meno, uji, vipele vya nepi. Likitajwa suala la usingizi, kundi linawaka. Nimelifikiria sana jambo hili. Mtu akikuambia mwanao hali vizuri, utamwuliza umpe chakula gani. Akikuambia mwanao halali vizuri, au unamlaza vibaya, unamsikia akisema wewe si mzazi. Na anayeambiwa ni mtu ambaye hajalala siku tisa.

Basi kulikuwa na watu wa mgongo, wanaomlaza mtoto chali. Kulikuwa na watu wa tumbo. Kulikuwa na wanaolala na mtoto kitandani na wasiotaka kusikia habari hizo, na wanaosema mwache alie atanyamaza mwenyewe, na wale wanaolia wakisikia tu kauli hiyo. Juu ya wote alikuwepo Mukandekezi, bibi wa miaka sabini na mitatu, ambaye mkwewe alimwingiza kundini ili ajifunze mambo ya kisasa. Hakujifunza. Alifundisha. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita sita, jogoo wake akiwika nyuma, na neno lilikuwa lilelile: "Mtoto analazwa kwa tumbo! Mimi nimelea tisa. Kwa tumbo!"

Asubuhi moja ya Jumanne, Mugeni alipokea ujumbe wa faragha. "Dada admini, naomba usitaje jina langu," uliandikwa. Mama huyo alikuwa na mtoto wa wiki saba. Jana yake, mchana, alikaa kwenye kochi kunyonyesha, usingizi ukamchukua. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameteleza kati ya mkono wake na mto wa kochi. Hakuwa na jeraha wala kitu. Alikuwa macho, anamtazama. Lakini mama mwenyewe hakumwambia mumewe wala mama mkwe. "Nifanye nini isitokee tena? Na je, mimi ni mama mbaya?"

Mugeni akaliweka swali lile kundini bila jina, kwa nia njema kabisa, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi alikuta ujumbe tisini na saba.

Sitaki kuyarudia yote. Mmoja aliandika, "Mama gani huyo?" Mwingine akasema watu wa namna hiyo wanyang'anywe watoto. Wa tatu, kwa upole unaochoma kuliko matusi, aliandika kwamba yeye amechagua kutolala kabisa ili mwanawe awe salama. Mukandekezi alikuwa ameshatuma sauti mbili. Uwizeye alijaribu kueleza jambo, likazama chini ya mengine kama kijiko kwenye sufuria ya maharage. Na mama mmoja wa Kagarama akawa anaandika kila baada ya dakika: "Admini, taja jina! Tumjue!"

Simu ikalia tena, ujumbe wa faragha. "Nimesoma yote. Natoka kundini. Samahani kwa usumbufu."

Hapo ndipo Mugeni alipobonyeza kitu ambacho hakuwahi kukigusa: akalifunga kundi, admini peke yake ndiye aweze kuandika. Anasema ilikuwa kama mtu amezima jenereta mtaani. Watu mia mbili na kumi na watatu, kimya. Papo hapo, kwa aibu yake, alisikia kicheko kinampanda. Hakuna mtu aliyewahi kunyamaza kwa ajili yake, hata watoto wake.

Kwanza alimpigia yule mama. "Usitoke. Nipe nusu saa. Mtoto yuko wapi?"

"Niko naye hapa."

"Amenyonya?"

"Amenyonya."

"Na wewe, umekula?"

Upande wa pili ukaanza kulia. Mugeni akamwambia ale kwanza, alie baadaye, chakula hakingoji.

Kisha akampigia nesi Uwizeye. Hakutaka kusema la kubahatisha. Uwizeye akamweleza taratibu: mtoto alazwe chali, mahali pagumu na tambarare, peke yake lakini karibu na mama. Kochi ni mahali pa hatari kuliko pote, na mama anayeona usingizi unamwelemea ampe mtu mwingine mtoto. Kama yuko peke yake, ni afadhali akamnyonyeshee kitandani palipoondolewa mito na blanketi kuliko kukaa kwenye kochi. Na ndani ya kitanda cha mtoto pasiwe na kitu chochote laini.

"Chochote?" Mugeni akauliza. Alikuwa ameinua macho kwenye rafu yake. Kulikuwa na mito kumi na minane pale, imepangwa, na tepe zake. "Hata ile yenye umbo la moyo?"

"Hasa ile yenye umbo la moyo, Mugeni. Tangu mwaka jana natafuta namna ya kukuambia."

Mugeni alikaa kitini. Kisha akashika simu, akarekodi sauti ya dakika mbili. Ninayo mpaka leo, nimeihifadhi.

"Wazazi wenzangu, ni mimi Mugeni. Nimewafunga midomo, mnisamehe, nitawafungua sasa hivi. Yule mama mliyemsema ni mwenzetu, na anasoma. Mimi mwenyewe, Keza alipokuwa na wiki tano, nilisinzia naye juu ya cherehani. Sisemi karibu na cherehani, nasema juu yake. Niliamka nina alama ya bobini ya uzi shavuni. Mungu akamlinda, si akili yangu. Jambo la pili: ile mito na zile kingo nilizowashonea, zitoeni vitandani leo. Leo, si kesho. Nilizishona kwa kuwa zinapendeza, na nesi Uwizeye ameniambia ni hatari kwa pumzi ya mtoto. Nimekosea. Leteni, nitawashonea kitu kingine. Sasa nafungua. Kila atakayeandika aandike jambo moja alilolifanya yeye mwenyewe kwa uchovu. Atakayemhukumu mwenzake nitamtoa, na safari hii halitakuwa andazi."

Akafungua.

Nikaandika mimi wa kwanza. Nikasema kwamba wiki iliyopita nilisimama jikoni nikibembeleza mfuko wa sukari wa kilo mbili, naupigapiga mgongoni, nauimbia, mpaka mke wangu akaja na mtoto begani akaniuliza huyo mwingine ni wa nani.

Basi lango likavunjika. Mmoja alishuka kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, bila kuvua helmeti, akaingia nayo ofisini, akakaa nayo mezani hadi saa nne bosi wake alipomuuliza kama anategemea ajali. Mwingine alitia simu kwenye friji na maziwa kwenye mkoba, kisha akajaribu kupiga simu. Baba mwenzangu alimsomea mwanawe risiti ya umeme, tarakimu zote ishirini, na mtoto akalala kwenye ya kumi na sita. Tulicheka kama watu waliokunywa. Mke wangu aliniambia nitoke nje nitamwamsha mtoto, na huko nje nikawasikia majirani wawili nyuma ya kuta zao nao wanacheka, nikajua nao wamo.

Katikati ya vicheko, yule wa Kagarama aliyekuwa anadai jina akaandika: "Mimi pia nimesinzia kwenye kochi na mtoto. Mara mbili. Nilitaka jina la yule mama nisijione peke yangu. Nisamehewe."

Na chini yake, dakika mbili baadaye: "Ni mimi. Nyiraneza, wa duka la maziwa. Nimekula."

Mtu mmoja tu hakutuma kitu tena siku hiyo, wala siku ya pili. Mugeni alianza kuwa na wasiwasi. Siku ya tatu mlango wa kibanda ukatiwa giza na mwavuli mkubwa, na chini ya mwavuli alikuwa Mukandekezi, ameshuka mlima kwa miguu yake.

"Wewe ndiye admini?"

"Ndiyo, mukecuru, bibi yangu. Karibu, kaa hapa."

Bibi akakaa. Haya aliyoyasema, mwenyewe ameniruhusu baadaye kuyasimulia, tena aliniagiza nisiyapunguze.

"Ulituambia tuandike jambo," alisema. "Mimi sijui kuandika kwenye simu, na hili si la kusema kwa sauti watu mia mbili wasikie. Nilikuambia nimelea tisa. Nilizaa kumi. Wa kwanza nilimzaa Toro, Uganda, mwaka wa sabini na nne, tukiwa wakimbizi. Nesi wa kizungu alitufundisha: mtoto umlaze kwa tumbo, asije akapaliwa. Nikamlaza kwa tumbo. Asubuhi moja nikamkuta ameondoka. Hakuwa na homa, hakuwa na kitu. Waliofuata wote nililaza kwa tumbo vilevile, wakaishi, nikasema basi, haikuwa tumbo. Sasa nesi wenu anasema mgongo. Kama ni mgongo, mwanangu, niambie: mimi nilifanya nini?"

Mugeni akavuta kiti karibu naye. Akasema, "Mama, ulifanya alichokuambia nesi. Na sisi leo tunafanya anachotuambia nesi. Wao wamejifunza zaidi, wewe ulimpenda tangu wakati huo." Kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Bibi akamgeukia. "Munyaneza," akasema. "Unajua ni miaka mingapi hakuna mtu aliyeniuliza?"

Walikaa hivyo, mkono wa mmoja juu ya mkono wa mwingine. Halafu Mukandekezi akajifuta uso kwa ncha ya mushanana wake, lile shuka la kufunga begani, akaitazama rafu, akasema kwa sauti ileile ya dakika sita: "Nipe mkasi. Hii mito inapasuliwa kuanzia wapi?"

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipomaliza umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na kunawa udongo, tulimiminika kwa Mugeni. Alitegemea watu kumi. Tulifika zaidi ya arobaini, kila mmoja na mito yake kwapani na mtoto wake mgongoni au begani. Kibanda kilijaa, tukakaa mpaka barazani. Mukandekezi aliketi katikati kama hakimu, anapasua mishono kwa mkupuo mmoja, na pamba ikaruka, ikatua kwenye nywele, kwenye ndevu, kwenye chupa za maziwa. Mugeni alikuwa amebuni kitu kwa msaada wa Uwizeye: mfuko wa kulalia, hauna mikono, mtoto anavaa kama gauni lililofungwa chini, hahitaji blanketi la kumfunika uso. Vitambaa vya ile mito ya moyo vilikuwa vinakuwa mifuko mbele ya macho yetu. Cherehani ilinguruma, watoto walilia kwa zamu, na mwanamke wa Kagarama na Nyiraneza walikuwa wamekaa pamoja wanagawana sambusa moja.

Sasa mtoto wa Nyiraneza, Ganza, hakuwahi kulala mchana bila kubebwa. Hata mara moja. Ilipofika zamu yake kupimwa, Mugeni alitandika mkeka sakafuni, akamlaza chali, akavuta kipimo kutoka bega hadi kisigino, akageuka kuandika. Alipogeuka tena, kipimo kikamponyoka.

Ganza alikuwa amelala.

Mukandekezi aliinua kiganja. Mkono mmoja tu, na chumba chote kikaganda. Cherehani ikasimama. Mtu aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. Watoto wengine, sijui kwa uchawi gani, nao wakatulia, wakamtazama mwenzao kwa mshangao kama wanaona mtu anafanya kitu cha ajabu sana. Nyiraneza alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, mabega yanacheza. Hapo baba mwenzangu akapata kwikwi. Alijaribu kuimeza. Ikatoka puani. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akajitia mto mdomoni.

Na Mugeni, kwa furaha iliyompanda kichwani, akasahau tulipo. Alitaka kuwaambia wote habari hii kubwa, akafanya kama alivyozoea. Akatoa simu, akaandika kundini: "AMELALA!!!"

Simu arobaini zikalia kwa mkupuo mmoja ndani ya chumba kile.

Sijawahi kuona watu wakijirusha namna ile. Tulizikalia simu, tulizitia chini ya kwapa, mmoja aliitupa yake nje dirishani. Ganza akajinyoosha, akainua mikono yote miwili juu kama mtu anayesalimu amri, akashusha pumzi ndefu, akaendelea kulala.

Tulitoka kwa ncha za vidole, mmoja mmoja, watoto wamebanwa vifuani, nyuso zimevimba kwa kicheko kilichozuiwa. Tukavuka baraza, tukavuka mfereji, tukatembea mpaka kona ya barabara, na pale kikatutoka. Watu walishikana mabega. Watu walikaa chini kwenye ukingo wa lami. Mugeni alicheka mpaka akaondoa viatu. Dereva wa moto alisimama, akauliza nani ameoa, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Ndani walibaki wawili. Mukandekezi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mkeka, mikono mapajani, hamwondolei mtoto macho. Alikuwa amemwambia Nyiraneza, "Mimi niko macho. Wewe lala." Na Nyiraneza alikuwa amejilaza kwenye rundo la mito ya watu wazima pembeni, akalala papo hapo, mdomo wazi, pamba kichwani.

Siku hizi Mukandekezi ni admini wa pili. Ujumbe wake wa sauti umepungua mpaka dakika tatu, na mama mpya akiingia na swali lake la aibu, yeye ndiye wa kwanza kumwuliza kama amekula. Lakini siku ile hatukujua hayo. Tulikuwa bado kwenye kona, tumechoka kucheka, tunaanza upya kila mtu mmoja akisema "amelala" kwa sauti ndogo, pale Nyiraneza alipotokea barazani, peku, kitambaa kimemwangukia shingoni, simu mkononi anaikodolea macho.

"Saa nzima na dakika arobaini!" akapiga kelele. "Jamani! Saa nzima na dakika arobaini!"

Barabara yote ikashangilia. Sauti ya Mugeni ilisikika juu ya zote, na wapita njia wasiojua lolote nao wakapiga makofi.

Kichwa cha Mukandekezi kikatokea mlangoni.

"Ameamka," akasema. "Mmemwamsha ninyi."